Kioo cha Saba

Jumatatu, 3 Machi

Mkuu wa maktaba ameagiza kila anayeshika vioo vya zamani aandike kila siku alichofanya. Ya kazi nimeyaandika kwenye daftari la kazi: kasha limefunguliwa, vioo kumi na kimoja vizima, nafasi ya saba tupu. Haya mengine nayaandika hapa, kwenye daftari langu, kwa sababu hayamhusu Mkuu.

Kasha ni la mbao, na ndani lina vijinafasi kumi na viwili vya kusimamishia vioo, kila kimoja na namba yake. Zamani picha ilipigwa juu ya kipande cha kioo kilichopakwa dawa. Mwenye vioo hivi alikuwa mzee hata wakati ule. Wenzake walikwisha kuhamia kwenye filamu, yeye akang'ang'ania vioo vyake. Asubuhi moja, miaka hamsini na sita iliyopita, alisimama juu ya pipa katikati ya mtaa wa mafundi, akapiga picha, akageuza kamera kidogo, akapiga tena, mpaka akamaliza mzunguko mzima. Mwaka uliofuata mtaa ukavunjwa kupisha barabara kubwa.

Kazi yetu ni kuviunga vioo vyote viwe picha moja ya duara. Ukumbi wa magazeti utazungushiwa kitambaa cheupe, picha itamulikwa juu yake pande zote, na mtu akisimama katikati atakuwa kama amepanda pipa lile. Ufunguzi ni tarehe 17 Mei, mvua zikiwa zinaishia.

Mimi nilizaliwa mtaa ule. Nilikuwa na miaka miwili picha hizi zilipopigwa. Sikumbuki hata tofali moja.

Jumatano, 5 Machi

Mvua ya kwanza. Nimesafisha kioo cha kwanza na cha pili. Unasafisha upande wa kioo tu. Upande wa dawa ukiugusa kwa kidole chenye unyevu, umemfuta mtu.

Jumanne, 11 Machi

Mwenzangu kwenye kazi hii ni binti wa miaka thelathini na kitu, tunamwita Injinia. Mimi nasafisha vioo na kuvipitisha kwenye skana, yeye anaviunga kwenye kompyuta. Ana vipokea sauti masikioni kutwa nzima. Ukimwambia nyumba inaungua atakuonyesha kidole kwamba usubiri wimbo uishe. Mimi ananiita Mama Picha.

Leo ameunga vitano vya kwanza. Akanigeukia akavua kipokea sauti kimoja, jambo ambalo si la kawaida.

"Mama Picha, huyu mzee alizaliwa mapacha wanne?"

Nikatazama. Mwanamume mwenye shati jeupe na mkasi mfukoni amesimama mbele ya duka la dobi. Kioo kinachofuata, amesimama mbele ya duka la vitambaa. Kisha kwa mshona magodoro. Kisha kwa seremala mdogo, mkono kiunoni, kidevu juu. Alikuwa akiifuata kamera kila inapogeuka.

"Nifute watatu?" akauliza Injinia.

"Usimguse hata mmoja."

Ijumaa, 14 Machi

Jioni nilimsimulia Mama Mdogo habari za yule mtu. Akacheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Kinyozi huyo. Akisikia kuna kamera anamwacha mteja na nusu kichwa."

Sijamsikia akicheka hivyo tangu tumzike baba, na ni miaka tisa sasa.

Niandike wazi, kwa kuwa daftari ni langu. Mama Mdogo ni mke wa pili wa baba. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa na miaka mitatu kasoro, na huyu akaingia nyumbani nikiwa na minne. Hajanipiga, hajanilaza na njaa. Baba alipoondoka nilimleta kwangu, chumba cha nyuma, kwa sababu watoto wangu wamekwenda mbali na mume wangu naye alishatangulia. Tunaishi kama wapangaji wawili wanaoheshimiana.

Kitu kilicho kati yetu ni kimoja. Picha za mama zilikuwa mbili, na hazipo. Nilipokuwa na miaka kumi nilimwuliza shangazi zimekwenda wapi. Shangazi akasema, "Muulize aliyeingia kusafisha nyumba." Sikumuuliza. Nilijua jibu, nikakaa nalo mpaka leo.

Sijui sura ya mama yangu. Kazi yangu ni kurudisha sura za watu, na ya kwake siijui.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua kutwa. Kioo cha tano kina ukungu pembeni. Hakuna jingine.

Jumatano, 26 Machi

Saa nane mchana dari ya stoo ilianza kuvuja, kwanza tone, kisha kama bomba lililoachwa wazi. Kasha lilikuwa rafu ya chini. Nilikuwa bado natafuta ndoo nilipomwona Injinia amevua koti lake, amelifunika kasha, amelikumbatia kifuani na anapanda nalo ngazi, mgongo wote unachuruzika maji. Vioo kumi na kimoja vina uzito wa mtoto wa miaka mitano. Alipofika juu akaliweka mezani polepole, akakaa sakafuni.

"Kinyozi hajalowa?" akauliza.

Nilimpa kanga yangu ajifunike. Vipokea sauti vyake vimeharibika kwa maji. Hakuvitaja.

Jumanne, 1 Aprili

Mkuu anauliza kila siku tumefika wapi. Tumefika kioo cha sita. Unyevu umezidi, dawa inaanza kuinuka kwenye kingo kama ngozi iliyoungua. Tukichelewa, mvua itavila kabla hatujavipitisha kwenye skana.

Ijumaa, 4 Aprili

Naandika haraka, mwandiko utasameheka.

Baba alikuwa fundi wa kusuka viti. Siku zote alisema duka letu lilikuwa kati ya seremala mkubwa na fundi viatu, sisi tunalala nyuma yake. Kioo cha sita kinamwonyesha seremala mkubwa. Cha nane kinamwonyesha fundi viatu. Sisi tulikuwa cha saba, na cha saba hakipo. Hilo nilikwisha kulijua tangu siku ya kwanza, nikajikausha.

Leo nimekipitisha cha sita, nikakikuza. Pembeni kabisa kulia, pale kioo kinapoishia, kuna ukingo wa mlango. Si wa seremala. Ni mlango wetu. Na kutoka kwenye ukingo ule umetokeza mkono wa mwanamke, kuanzia kwenye kiwiko kwenda chini. Umeshika beseni lililoinama. Maji yanamwagika na yametoka kama ukungu, kwa sababu kioo kilikuwa kizito kunasa mwendo. Lakini mkono wenyewe umetulia. Vidole vinne vinaonekana. Kidole cha shahada kimefungwa kitambaa.

Hapo ndipo picha inapoishia. Zaidi ya hapo ni kioo cha saba.

Injinia alikuja nyuma yangu, akatazama skrini, akanitazama mimi. Alikwenda akaniletea chai na kuufunga mlango.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimechapisha mkono ule kwenye karatasi, nikaja nao nyumbani. Nilimkuta Mama Mdogo anachambua mchele. Nikauweka mbele yake juu ya ungo.

"Huyu ni nani?"

Hakuvaa hata miwani.

"Mama yako," akasema. "Anamwaga maji ya kulowekea ukindu. Alikuwa mtu wa mkono wa kushoto."

Nilingoja. Akaipindua karatasi, akaifuta unga wa mchele kwa kanga, akanirudishia. Kisha akainuka, akaenda chumbani kwake, na hajatoka mpaka sasa.

Nimesema moyoni, dhamiri inamsuta.

Jumatano, 9 Aprili

Vioo vyote kumi na kimoja vimekwisha kupita kwenye skana. Sasa mvua na inyeshe itakavyo.

Jumanne, 15 Aprili

Mkuu alipata habari kwamba mjukuu wa mpiga picha bado yupo hai, mkunga mstaafu, anakaa upande wa pili wa mji. Nilikwenda peke yangu. Barabara zilikuwa mito.

Ni mama mchangamfu, anatembea kwa fimbo. Alinikaribisha kwenye chumba kilichojaa makabati, akasema, "Babu aliandika kila kitu. Bibi alisema angeandika hata chafya." Akanitolea daftari la jalada gumu. Tukalifungua pamoja, vichwa vikigusana.

Ukurasa wa mtaa wa mafundi upo. Moja, dobi, mwanga mzuri, kinyozi kaingia. Mbili, vitambaa, kinyozi yuleyule. Tatu, magodoro, kinyozi tena. Nne, seremala mdogo, kinyozi, Mungu nipe subira. Tulicheka sote wawili. Tano. Sita, seremala, nzuri.

Saba: msuka viti na mkewe na mtoto. Imenivunjikia mkononi nikishuka kwenye pipa. Vipande nimezika. Nimeomba radhi, mke akasema si kitu, utatupiga siku nyingine.

Nilisoma mstari ule mara nyingi. Yule mama akaweka mkono wake juu ya wangu.

"Alirudi kuwapiga?" nikauliza.

Akafunua kurasa zilizofuata, moja moja, pole pole, mpaka mwisho wa daftari. Hakuna.

Jumatano, 16 Aprili

Sikwenda kazini. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, na saa nne asubuhi nilikuwa bado nimekaa mezani na nguo ya kulalia. Mama Mdogo akaniletea uji. Nikausukuma.

"Kioo cha saba kilivunjika siku ile ile," nikamwambia. "Hakuna tena pa kutafuta."

Akakaa.

"Pole," akasema.

Pole hiyo ndiyo iliyonipasua. Miaka hamsini na nne nimejibu "asante" na "ndiyo" na "umeamkaje". Nikasikia mdomo wangu unasema bila ruhusa yangu.

"Zilikuwa mbili. Ungeniachia hata moja. Ungeificha hata chini ya godoro, nikaja kuikuta nikiwa mtu mzima. Mtu aliyekwisha kufa angekudhuru nini?"

Hakushtuka. Nilimtazama nikitafuta hasira au aibu usoni mwake, nisiione hata moja. Alinitazama jinsi ninavyokitazama kioo kabla sijakigusa.

"Nani alikuambia nilizichoma mimi?"

"Shangazi."

"Shangazi yako hakukuambia hivyo."

Nikakumbuka maneno yenyewe. Kweli, hakutaja jina.

"Nilikuwa nafanya kazi kwa dobi, mbele ya mlango wenu," akasema. "Nilikuwa na miaka ishirini. Mjomba wangu ndiye aliyekuwa dobi. Siku ya saba baada ya msiba, asubuhi, nilikuwa naanika mashuka nikamwona baba yako ametoa jiko nje. Halikuwa na sufuria. Akakaa mbele yake kwenye kile kigoda cha kusukia. Akatoa picha ya kwanza mfukoni, akaitazama sana, akaiweka motoni. Nikaacha mashuka, nikavuka barabara nikikimbia. Nilipofika alikuwa ameshaweka ya pili. Nilitia mkono."

Akakunja mkono wa gauni. Kovu lile nimeliona maisha yangu yote, ndani ya kiganja mpaka kwenye kifundo. Siku zote nilidhani ni la pasi ya kazini.

"Kilichotoka kilikuwa kipande kama ukucha. Hakikuwa na mtu. Baba yako akanitazama, akalia kama mtoto. Akasema, nikiziona siwezi kuamka asubuhi, na kuna mtoto wa kulisha. Akaniambia nisimwambie mtu. Baadaye tulipooana alinitaka kitu kimoja tu, nisilitaje jina la mama yako mle ndani. Nikakubali. Nilidhani ni kwa mwaka mmoja, miwili. Ikawa ndio basi."

"Na mimi? Kwa nini hukuniambia mimi? Baba ana miaka tisa kaburini."

Maji yalikuwa yanagonga bati.

"Ulikuwa unampenda sana," akasema. "Mimi ulikuwa hunipendi tayari. Nikaona, huyu mtoto amebakiwa na mmoja. Nikimwambia, atabaki na nani?"

Uji ulipoa. Nimeandika alivyosema, neno kwa neno, nisije nikaanza kuyapanga vizuri.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua. Tumesalimiana.

Alhamisi, 24 Aprili

Wiki nzima nimekuwa nikimkumbuka baba na kumkasirikia, kisha namkumbuka tena akinifundisha kufunga viatu. Mtu mmoja amekuwa wawili na siwezi kuwaunga. Injinia anasema kwenye kompyuta hali hiyo ipo: vioo viwili vya mahali pamoja, mstari wa paa wa hiki haukutani na wa kile. Hakuna aliyekosea, ila kamera ilisogea.

Nimemweleza habari yote. Sikukusudia. Tulikuwa tunakula mahindi ya kuchemsha.

Jumanne, 29 Aprili

Nilipofika asubuhi Injinia hakuwa amevaa vipokea sauti vyake vipya.

"Mama Picha, nimefanya kitu. Kama hukitaki, sema tu."

Akanivalisha ile miwani mikubwa ya kujaribia, inayofunika uso kama ya mchomeleaji. Nikawa juu ya pipa. Kwa mara ya kwanza niliuona mtaa mzima. Niligeuka taratibu: dobi na kamba zake za mashuka, kinyozi, vitambaa, kinyozi, magodoro, kinyozi, seremala mdogo, kinyozi, seremala mkubwa na randa yake. Nilinusa mbao, naapa. Nikageuka tena kidogo, na pengo halikuwepo.

Palikuwa na duka. Viti vimetundikwa ukutani. Mkono wenye beseni ulikuwa na bega, na bega lilikuwa na shingo, na juu ya shingo palikuwa na uso wa mwanamke kijana ananitazama. Pembeni yake mtoto ameshika gauni lake.

Sijui nilisimama pale dakika ngapi. Niliinua mkono kama mtu anayetaka kupunga.

"Kompyuta imebuni," nilimsikia Injinia, sauti yake inatoka nje ya mtaa. "Imetumia kingo za cha sita na cha nane, na nimeipa picha yako ya ujana ile ya kitambulisho. Nilitaka uwe na kitu."

Nilimwambia asante. Nilisema kutoka moyoni. Nimekwenda kuitazama mara nne leo.

Jumatatu, 5 Mei

Mkuu ameipenda mno. Anasema sasa picha imekamilika, wageni watashangaa. Kitambaa kimeshatundikwa ukumbini, projekta sita zimefungwa darini.

Nimemwomba Mama Mdogo aje aone Ijumaa. Alisema atakuja kama mvua itampa njia.

Ijumaa, 9 Mei

Alikuja amevaa gauni lake la kutokea. Injinia alimwamkia, "Shikamoo bibi," akamshika mkono, akampeleka katikati ya ukumbi kwenye alama ya msalaba sakafuni. Mkuu alikuwepo pia, ameegemea mlango. Taa zikazimwa, projekta zikawaka.

Mama Mdogo akatoa sauti ndogo, kama mtu aliyeguswa na maji ya baridi. Akageuka polepole. Alikuwa anataja watu kwa kunong'ona. Akafika kwa dobi, akapeleka mkono kana kwamba anataka kunyoosha shuka. "Dirisha letu nani kalifunga? Aa, ni mjomba, alikuwa hapendi vumbi." Akaendelea kugeuka. Akafika kwenye mlango wetu, akasimama.

Nilikuwa nyuma yake. Sikuweza kuona uso wake.

"Huyu ni nani?" akauliza.

Akaonyesha mkono wenye beseni.

"Mkono ni wake. Huyu mwenye mkono simjui." Akasogea karibu na kitambaa, mwanga ukamwangukia mabegani. "Mzuri. Lakini simjui. Na hakuwa anasimama hivi akitazama watu. Kwa nini mmemwekea mwingine mlangoni?"

Injinia alikuwa amejishika shavu. Mkuu akaingia, akasema kwa upole, kwa kweli alisema kwa upole, kwamba wageni hawatajua tofauti, na picha yenye shimo katikati ya ukuta ni kama mtu aliyevaa vizuri akasahau kiatu. Watu watauliza pengo la nini.

"Wacha waulize," nikasema.

"Na atawajibu nani? Wewe ulikuwa na miaka miwili."

Ni kweli.

"Mimi nitajibu," akasema Mama Mdogo. "Nitaleta kiti, nikae hapa hapa."

Mkuu akamtazama Injinia kutafuta msaada. "Lile la kubuni libaki kwenye kompyuta hata hivyo. Huenda tukabadilisha mawazo."

"Halipo," akasema Injinia. Alikuwa ameinamia kompyuta. "Nimeshalifuta."

Ukutani palikuwa na upana wa watu watatu wa kitambaa kitupu, na mkono wenye beseni unaotokea pembeni. Mkuu alisimama akivuta ndevu zake. Mwisho akasema tutafute kiti chenye kuegemea, bibi asije akaumwa mgongo.

Jumanne, 13 Mei

Kazi za mwisho mwisho. Jua lilitoka kwa saa mbili nzima.

Jumapili, 18 Mei

Jana sikuweza kuandika. Naandika leo asubuhi, kibarazani.

Watu walikuja wengi kuliko viti. Hotuba zilikuwa fupi kwa sababu hakuna aliyezisikiliza. Taa zilipozimwa na mtaa ukawaka, wazee wakaanza kutawanyika. Hakuna aliyewaelekeza. Kila mmoja alikwenda mlangoni kwao. Bwana mmoja wa miaka themanini alisimama mbele ya magodoro akavua kofia. Binti wa kinyozi, yeye mwenyewe bibi sasa, alikuwa anatembea kutoka baba mmoja kwenda baba mwingine, anacheka na kujifuta macho. Kwa muda wa saa nzima mtaa ulikuwa na wenyewe.

Mama Mdogo alikaa mbele ya kitambaa cheupe. Kijana mmoja wa gazeti akamwuliza, "Bibi, hapa picha imeharibika?"

"Imevunjika. Hapa palikuwa na duka la msuka viti." Akaanza. Viti vilitundikwa wapi, ukindu ulilowekwa wapi, mlango ulikuwa unakwaruza chini ukiufungua. Watu wakasogea. "Na huyu mwenye mkono ni mkewe. Alikuwa mrefu mpaka hapa." Akainuka, akaja kwangu, akaweka kiganja usawa wa nyusi zangu. "Paji la uso lilikuwa pana. Pua ni hii hii." Akanigusa pua mbele ya watu wote, mtu mzima mimi. "Macho hayakuwa yako, yale yako ni ya baba yako. Yake yalikuwa madogo, na alikuwa anayafinya akikutazama kwa sababu hakuona mbali na hakutaka watu wajue. Ndiyo maana ukimpungia mkono ng'ambo ya barabara hakuitikii mpaka useme. Watu walimwona ana maringo."

"Alikuwa na maringo kweli," akasema mwanamke mmoja nyuma. Ni binti wa fundi viatu, jirani yetu wa upande ule. "Na alikuwa mweusi kuliko unavyosema."

"Sijasema rangi bado."

"Basi sema, na useme ukweli."

"Mweusi mzuri. Na meno ya mbele yamepishana."

"Hayakupishana, yalikuwa na mwanya."

"Yamepishana. Mimi nilikuwa nakula naye."

Walibishana pale, vibibi viwili, mbele ya wageni, mpaka watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshika mgongo wa kile kiti. Maisha yangu yote mama amekuwa jambo la kunyamaziwa. Jana watu walimgombania meno.

Leo asubuhi Mama Mdogo alinikuta hapa kibarazani, akaja na chai yake. Mvua ilikuwa ndogo, ile ya kuaga.

"Kuna moja sikulisema mbele za watu," akasema.

Nikafunga daftari.

"Siku aliyopelekwa hospitali, alitoka mwenyewe kwa miguu. Alikuwa amekubeba. Akavuka barabara akaja mpaka kwetu, akafinya macho kuhakikisha ni mimi. Akasema, nishikie huyu, nitarudi jioni. Nikasema, lete. Akakupitisha juu ya kaunta ya dobi, kwa mkono ule wa kushoto. Sikumwona tena."

Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, lile kovu limegeukia juu.

"Nililia?" nikamwuliza.

Akafikiri. Nilimwona anarudi kabisa kule, anatazama.

"Hukulia," akasema. "Ulitaka maji. Nikakupa."